Mtoto Anayefika Matangani: Maelezo Juu ya Kipimo cha Vinasaba

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Msasani, Tukuyu)



Katika mkutano uliopita, wakati wa chakula, palizuka ubishi ambao wengi wenu mnaukumbuka. Ndugu mmoja alidai kwamba siku hizi ukoo hauna kazi tena: mwanamume mwenye mashaka anakata ukucha wa mtoto aliyelala, anaupeleka Mbeya, na kabla ya jua kuchwa amekwisha jua kama mtoto ni wake. Ndugu wa pili akajibu kwamba kipimo hicho kimeletwa kuvunja nyumba za watu, na Serikali ingefanya vema kukipiga marufuku. Ubishi ukawa mkali hata ndizi zikapoa. Kamati ikaniagiza mimi, kwa kuwa nilitumikia mahakama miaka mingi kabla ya kustaafu, nije kueleza jambo hili linavyokwenda. Nasema tangu mwanzo kwamba ndugu wote wawili walikosea, ila kila mmoja kwa namna yake.

Kwa nini jambo hili litushughulishe sisi wenye mvi? Kwa sababu sisi ndio tunaoitwa. Mzee akifariki, ndugu hutafuta mtu aliyesoma awe msimamizi wa mirathi, au akae katika kikao cha ukoo aandike muhtasari. Na katika wilaya yetu hii kikao cha ukoo mara nyingi hupata mgeni. Wanaume wa Rungwe walitembea sana. Babu zetu walikwenda kuchimba dhahabu Lupa, kule Chunya. Wengine walivuka mpaka wakaingia migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Wengine wakafika hata Afrika Kusini. Baba zetu wakafuata ujenzi wa reli ya TAZARA miaka ya 1970, na kazi za serikalini katika kila mkoa. Mtu hakai ugenini miaka kumi kama jiwe. Sasa mzee amefariki, watu wako matangani, na siku ya tatu anashuka kutoka kwenye basi kijana asiyefahamika na mtu, mkononi ameshika picha ya marehemu. Shamba la migomba, chai na parachichi, ambalo jana lilikuwa la kugawanywa kwa wanne, linakuwa la watano. Ardhi yetu ni nzuri, lakini haiongezeki.

Zamani tulikuwa na njia zetu. Wazee walimgeuza mtoto, wakatazama masikio, vidole vya miguu na namna anavyotembea, kisha wakatamka. Mara nyingi walipatia. Lakini nimeona pia kwamba masikio ya mtoto hufanana zaidi na ya marehemu pale marehemu anapokuwa hana shamba.

Baadaye ukaja upimaji wa makundi ya damu. Daktari Karl Landsteiner wa Vienna ndiye aliyegundua, mwanzoni kabisa mwa karne ya 20, kwamba damu za watu zina makundi, yale tuliyofundishwa hapa: A, B, AB na O. Kwa makundi hayo ungeweza kumwondoa mtu katika tuhuma, lakini usingeweza kumthibitisha. Chukueni kesi ya mchekeshaji Charlie Chaplin, ambaye filamu zake wengi tulizitazama. Katika miaka ya 1940, huko Los Angeles, mwanamke mmoja alimshtaki kuwa ni baba wa mtoto wake. Damu ikapimwa: mama kundi A, mtoto kundi B, Chaplin kundi O. Mtoto mwenye B, ambaye mama yake hana B, hana budi kuipata kwa baba. Na mtu wa kundi O hana B ya kumpa mtu. Hata hivyo, mwaka 1945 wazee wa baraza wa mahakama ile waliamua kwamba Chaplin ni baba, akaamriwa kumtunza mtoto. Sheria ya mahali pale wakati ule haikuwalazimisha kuikubali sayansi. Na kama Chaplin angekuwa na kundi B, je, ingethibitika kuwa ni baba? Hata kidogo. Watu wa kundi B wamejaa duniani.

Kipimo cha leo ni kitu kingine. Neno lenyewe, vinasaba, tumelichonga kutoka katika nasaba, na nadhani waliolichonga walifanya kazi nzuri. Katika karibu kila chembe hai ya mwili mna nyuzi 46 ziitwazo kromosomu. 23 umepewa na mama, 23 na baba. Katika nyuzi hizo mna maandishi marefu mno ya herufi nne tu. Sehemu kubwa ya maandishi hayo ni sawa kwa watu wote. Lakini kuna mahali fulani ambapo neno fupi hurudiwarudiwa, kama mtoto anayejifunza kusema, na hapo watu hutofautiana: huyu amelirudia mara 9, yule mara 14. Kila mtu ana hesabu mbili kwa kila mahali, moja ya mama na moja ya baba.

Basi tuseme mahali pamoja mtoto ana 9 na 14. Mama yake ana 9 na 11. Hiyo 9 imetoka kwa mama, kwa hiyo 14 imetoka kwa baba. Mwanamume aliyetajwa ana 12 na 16. Hapo hana 14 ya kutoa. Lakini maabara haimwondoi kwa mahali pamoja tu, kwa sababu mara chache maandishi hukosewa yanaponakiliwa kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Hutazamwa mahali 15, au 20 na zaidi. Yakigoma mahali kadhaa, mtu huyo si baba, na neno hilo ni la mwisho. Yakikubaliana pote, maabara hutoa hesabu ya uwezekano, kwa kawaida asilimia 99.9 na zaidi. Haitasema 100, na wakili mjanja atang'ang'ania hapo, msiyumbe. Pale ambapo hesabu hiyo hutetereka kweli ni iwapo baba anayetajwa ana ndugu wa karibu ambaye naye anaweza kuwa baba, na hasa pacha wa kufanana, maana kipimo hiki cha kawaida hakiwatenganishi mapacha hao.

Elimu hii ilizaliwa katika Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, mwezi Septemba 1984, kwa mikono ya Alec Jeffreys. Nataka mkumbuke shauri la kwanza la kifamilia lililoamuliwa kwayo, mwaka 1985. Lilihusu kijana wa familia iliyotoka Ghana. Alikuwa anarudi Uingereza kwa mama yake, na maofisa wa uhamiaji wakakataa kuamini kwamba ni mwana wa mama yule. Walishuku kuwa ni mpwa tu. Baba hakupatikana kupimwa. Jeffreys akachukua damu ya mama, ya kijana mwenyewe na ya ndugu zake watatu, na kutokana na wale watoto akaweza kuyajenga upya maandishi ya baba asiyekuwepo. Ikaonekana kijana ni mwana wa nyumba ile, akaruhusiwa kukaa. Kwa hiyo ndugu yetu anayesema kipimo kimeletwa kuvunja nyumba ajue kwamba kazi yake ya kwanza ilikuwa kumrudisha mtoto wa Kiafrika kwa mama yake.

Sasa tuje kwetu. Tanzania tunayo Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na kazi ya upimaji iko chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye mamlaka yake ina ofisi ya kanda Mbeya. Ndugu wa ukucha anisikilize. Mtu haingii pale na bahasha yake kama anayepeleka viatu kwa fundi. Ombi hupitia kwa wanaotambuliwa na sheria: mahakama, polisi, ofisa ustawi wa jamii, wakili. Wanaopimwa hufika wenyewe, hutambuliwa, huridhia kwa maandishi, na mzazi au mlezi humridhia mtoto. Kinachochukuliwa ni kidogo sana: pamba hupitishwa ndani ya shavu, au tone la damu. Majibu hayatoki jioni ile, na ni siri. Kuyatangaza ovyo ni kosa. Ukucha ulioibwa usiku haumsaidii mtu mahakamani, kwa sababu hakuna awezaye kuapa ulikatwa kwa nani.

Mwaka huohuo wa 2009 Bunge lilipitisha pia Sheria ya Mtoto, na mimi naiona kuwa ni moja ya sheria zilizobadilisha mambo hasa. Kabla yake, mama asiyeolewa aliyetaka matunzo ya mtoto alitumia sheria ya enzi ya ukoloni ambayo kikomo chake kilikuwa shilingi 100 kwa mwezi, na kikomo hicho kilibaki hata wakati ambapo shilingi 100 haikununua mkate. Hali kadhalika kanuni za mila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963 zilimruhusu mwanamume kumhalalisha mtoto wa nje kwa kulipa shilingi 100 kwa baba wa msichana kabla mtoto hajaachishwa ziwa. Tazameni jinsi shilingi 100 ilivyofanya kazi nyingi katika nchi hii.

Sheria ya Mtoto inaruhusu mtoto mwenyewe, mzazi, mlezi au ofisa ustawi wa jamii kuiomba mahakama itamke nani mzazi. Katika ushahidi unaotazamwa, vinasaba ni kimojawapo tu. Jina lililoandikwa katika daftari la vizazi ni ushahidi. Sherehe ya mila aliyoifanya baba kwa ajili ya mtoto ni ushahidi. Kumtambulisha hadharani kwamba huyu ni mwanangu ni ushahidi. Kwa maneno mengine, yale waliyoyafanya wazee wetu hayakutupwa; yamekaa katika ukurasa mmoja na maabara. Aidha, Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 inamhesabu mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa halali, au ndani ya siku 280 baada ya kuvunjika kwake mama akiwa hajaolewa tena, kuwa ni wa mume, isipokuwa ithibitike kwamba wawili hao hawakukutana katika muda ambao mimba ingeweza kutungwa.

Hapa nitasema jambo ambalo halitawapendeza wote. Magazeti yetu hupenda kuandika kwa herufi kubwa kwamba sehemu kubwa ya wanaume waliopimwa wamekutwa si baba. Uganda nako, mwaka 2023, palitokea wimbi la akina baba kukimbilia maabara. Msomaji anakunja gazeti na kuwatazama watoto wake kwa jicho la pembeni. Lakini fikirini: nani anayekwenda maabara? Ni yule ambaye tayari ana ugomvi. Ukihesabu magari yaliyoko gereji utasema kila gari nchini ni bovu. Pale ambapo wataalamu wamepima watu wa kawaida wasio na ugomvi, kama ilivyofanyika katika nchi kadhaa za Ulaya, watoto wa namna hiyo wamekuwa mmoja au wawili katika kila mia. Kisha kuna Wahimba wa Namibia, ambao utafiti uliotangazwa mwaka 2020 uliwakuta na karibu nusu ya watoto wasiotokana na mume wa mama. Na huko haikuwa siri hata kidogo: wazazi wenyewe walikuwa wakijua, na mume wa nyumba ndiye aliyebaki kuwa baba. Kila watu huamua wenyewe neno baba lina maana gani. Maabara inajibu swali la mbegu tu.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, mwanamume aliyemlea mtoto miaka 12, akampeleka shule, akamtambulisha kwa jina lake, kisha akataka kumpima kwa sababu ya gazeti au kwa sababu mkewe amemuudhi, huyo anatafuta fimbo ya kumpigia mke, na mgongo utakaopigwa ni wa mtoto. Mimi nikiulizwa na mtu wa namna hiyo humuuliza atafanya nini na jibu. Wengi hunyamaza. Lakini mtoto akiuliza mwenyewe, au mama anayelea peke yake akiuliza, au mtu aliyetajwa kwa uongo akiuliza, hao wana haki ya kujibiwa upesi, na ukoo usiwazuie.

Nirudi kwa yule wa matangani, maana ndiko tutakakoitwa. Baba amezikwa. Je, mlango umefungwa? Haujafungwa, ila njia inakuwa nyembamba. Kwa kijana wa kiume ipo kromosomu iitwayo Y, ambayo mwanamume humpa mwanawe wa kiume karibu bila kubadilika, na huyo naye humpa wake. Kaka, baba mdogo, hata babu upande wa baba, wote wana Y moja. Ikilingana, kijana ni wa mlango ule. Lakini haisemi ni wa nani ndani ya mlango. Ndugu wawili wakiwa wote walipita Chunya mwaka mmoja, Y haitawatenganisha. Hapo hutazamwa maandishi mengine, na jibu hutegemea ni ndugu wangapi wanakubali kupimwa.

Kwa binti, Y haimo. Nililiona shauri moja la namna hiyo, na majina na kijiji nakificha. Binti wa miaka 16 alifika na mama yake siku za matanga. Watoto wa nyumba kubwa wakawafukuza. Shangazi mmoja tu ndiye aliyewapa chai. Mama akaenda kwa ofisa ustawi wa jamii, ombi likafika mahakamani. Wale vijana wakadhani wameshinda, kwa kuwa baba hayupo na binti hana Y. Hawakujua kwamba bibi yao, mama wa marehemu, alikuwa ndiye jibu. Mwanamume ana kromosomu moja tu ya X, ambayo amepewa na mama yake, na hiyo hiyo humpa kila binti yake. X ya marehemu ilikuwa imetoka kwa yule bibi, na kama binti alikuwa wake, alikuwa nayo. Wajukuu wakamkataza bibi asipimwe. Yeye, aliyekuwa amekaa kimya muda wote, akasema kwamba alikwisha kumtambua mtoto tangu alipoinama mlangoni, ila kama mahakama inataka mate yake, itayapata. Yakachukuliwa. Majibu yakaja kama alivyosema. Msimamizi wa mirathi akaandika upya orodha.

Angalieni mambo mawili katika shauri lile. La kwanza ni muda. Sheria ya Mtoto inaweka miaka 3 baada ya kifo cha baba au mama kwa ombi la namna hii, na aliyekwisha fikisha miaka 18 hana budi kuomba kwanza kibali maalumu cha mahakama. Kule kwetu kusema "tungoje arobaini ipite, tungoje mavuno, tungoje kaka atoke Dar" kumewanyima watu haki yao, na wapo wanaongojesha makusudi. La pili, bibi alikuwa na umri mkubwa sana. Angefariki mwaka ule, ingebaki kuomba amri ya mahakama ya kufukua kaburi, kwa sababu mifupa na meno huweza kutunza vinasaba kwa muda mrefu. Mnajua wenyewe maana ya kufukua kaburi katika ukoo wa Kinyakyusa. Sijaona atakayelipenda.

Na kuthibitishwa kuwa mtoto si mwisho wa safari. Mgawanyo hufuata sheria inayomhusu marehemu, iwe ya mila, ya Kiislamu au ile ya Serikali, na hapo ndipo wengi huhitaji wakili. Lililo wazi ni kwamba Sheria ya Mtoto hairuhusu mtu kumnyima mtoto stahili ya kunufaika na mali ya mzazi wake. Ukisimamia mirathi na ukamficha mtoto unayejua yupo, umekiapia kiapo cha uongo mbele ya hakimu, na mirathi hiyo inaweza kufunguliwa upya wakati umekwisha kuuza ng'ombe.

Wapo humu ukumbini, simtazami mtu, ambao wana mtoto Iringa, Kitwe au Tanga ambaye nyumbani hatajwi. Kwa hao kipimo cha bei rahisi kuliko vyote ni karatasi. Cheti cha kuzaliwa kinaweza kutafutwa hata leo. Wosia unaweza kuandikwa mbele ya mashahidi na kuhifadhiwa RITA, na mtoto akatajwa humo kwa jina lake. Au mtu anaweza kumleta mtoto nyumbani Krismasi hii, ndugu wakiwa wamekusanyika, akasema ni wake. Mke atakasirika, bora akasirike wewe ukiwa hai wa kujibu.

Kwa wenye shauri tayari, mahali pa kuanzia ni kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, hapa hapa Tukuyu. Hakuna ada ya kuuliza. Nendeni na cheti cha kifo, barua, picha, na majina ya ndugu wa marehemu walio hai, mkianza na wazee zaidi.

Ndugu Mwenyekiti, muda niliopewa umekwisha. Niko tayari kwa maswali, ila yale ya kromosomu naomba Mwalimu wetu wa Baiolojia asogee karibu nami, maana namwona pale nyuma akitikisa kichwa tangu nilipotaja hesabu ya 9 na 14.